Jambalaya ya jirani na pilau ya mlango uliofungwa

Miaka minne ya mwanzo hapa Lafayette, Louisiana, nilipika pilau mlango umefungwa. Binzari nyembamba, iliki na karafuu nililetewa kutoka Tanga ndani ya mabegi ya wasafiri, nikazitunza kabatini kama vito. Wanangu niliwaambia kwamba watu wa huku hawana chakula. Nilikosea, na naandika kwa sababu wengi wetu tulio ughaibuni tunakosea hivyohivyo.

Kwetu Ngamiani pilau haifichiki. Kitunguu kikianza kugeuka rangi, nyumba ya tatu wameshajua. Mama alipakua kwanza bakuli la jirani, akalifunika kwa kawa, mtoto akatumwa: "Mwambie bibi, ni kidogo tu, tumemkumbuka." Huku jirani yangu nilimjua kwa gari lake. Gereji inafunguka anatoka, inafunguka anarudi, basi. Upweke wa namna hiyo, hasa baridi ikiingia na giza likishuka mapema, ni vigumu kumweleza mtu wa nyumbani kwa simu. Yeye ameona picha yako umevaa koti jipya.

Tarehe 21 Januari 2025 ikaanguka theluji. Kusini mwa Louisiana si mahali pa theluji hata kidogo: ni joto, vinamasi na mbu. Siku ile New Orleans ilipata karibu sentimita 20, barabara kuu ya I-10 ikafungwa, shule zikafungwa, kazini hakuendeki. Mchana nikasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa polepole mpaka kiwe cha kahawia. Nikatoka na kandambili zangu na soksi. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa ameinua mlango wa gereji, ameteleka sufuria nyeusi ya chuma juu ya jiko la gesi, anageuza kwa mwiko mrefu. Mkewe akanipungia mkono: "Njoo, sha." Hilo sha ndilo wanaloitana watu wa huku, kama sisi tunavyosema mpenzi.

Wanangu waliwahi kumwambia mzee kwamba hatuli nguruwe, naye alikumbuka. Jambalaya, wali wa huku unaopikwa pamoja na nyama katika sufuria moja, kwa kawaida hutiwa soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi; siku ile aliweka kuku na soseji ya bata mzinga. Sikumwomba. Nilisimama pale na baridi yangu nikashindwa kusema neno.

Nilijifunza kwa kutazama, na nitawaelekeza kama nilivyoona. Kata mapaja ya kuku kilo moja na soseji nusu kilo. Kaanga mpaka nyama ishike chini ya sufuria na kuacha tabaka la kahawia, na usiogope, kwa sababu rangi yote ya chakula hiki inatoka hapo. Toa nyama, tia vitunguu vitatu vikubwa, hoho moja na vijiti viwili vya seleri, vyote vimekatwa vidogo. Maji ya vitunguu yatabandua ule ukoko. Vitunguu saumu, pilipili manga, pilipili ya unga, thaimu kidogo, chumvi. Rudisha nyama, mimina supu ya kuku vikombe vitano, ikichemka tia mchele mrefu vikombe vitatu, geuza mara moja kutoka chini. Funika, moto mdogo kabisa, dakika 25, na mfuniko usiguswe. Nyanya usitie. Nyanya ni ya New Orleans. Mashambani kwa Wakajuni, watu wa huku wenye asili ya Kifaransa kama huyu mzee, jambalaya ni ya kahawia, na mzee alilisema hilo kwa ukali uleule ambao shangazi yangu huwaambia watu wanaotia manjano kwenye pilau. Makaa tu ndiyo yaliyokosekana juu ya mfuniko.

Tukila, akanisimulia habari za wazee wake. Waliishi Acadia, mashariki mwa Kanada ya leo, Waingereza wakaanza kuwafukuza mwaka 1755, na baada ya miaka ya kutangatanga baadhi yao wakafika kwenye vinamasi hivi. Mpunga haukuwa wao. Kilimo chake hapa kilisimama kwa ujuzi na jasho la Waafrika waliotekwa Senegambia na kufanywa watumwa. Habari hiyo isiachwe nje kila sahani hii inaposifiwa. Kumbe hata hao ninaowaita wenyeji walifika wakiwa wageni, wakajifunza sufuria ya waliowakuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kuhifadhi utamaduni ni kula cha nyumbani peke yake. Mimi pilau sijaiacha, na Idi haipiti bila hiyo. Lakini pilau ya kula mwenyewe, madirisha yamefungwa ili harufu isitoke, imeshapoteza nusu ya Tanga yake. Cha kwetu hasa kilikuwa lile bakuli na yule mtoto anayetumwa. Na nyumbani nako najua mambo yanabadilika, kuta zimepanda, shughuli nyingi chakula kinaagizwa na kuletwa kwenye makontena. Huku kuna mji unaitwa Gonzales, tangu 1968 wana tamasha la jambalaya, wapishi wanashindana kwa masufuria ya chuma juu ya moto wa kuni. Ningependa sana kuona pilau ikiheshimiwa hivyo Tanga.

Siku hizi baridi ikibisha hodi napika ya kwao, na bakuli la kwanza huenda nyumba ya pili. Mwanangu mdogo ndiye anayetumwa. Kawa sina, nafunika kwa sahani. Kinachobaki tunakila asubuhi, kiporo kimepashwa moto mpaka chini kishike kidogo, na chai ya rangi yenye tangawizi.