Klavye inayomtii mzee peke yake

Kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, mpiga chapa hajulikani kwa diploma. Anajulikana kwa kelele. Mteja husimama mlangoni akasikiliza vidole, na visipolia mfululizo anateremka kibanda kinachofuata. Vyangu, nisijisifu sana, vimepiga TFC, zile kazi za kumalizia masomo, za wauguzi, wanasheria na waganga wa mifugo, hata ya kijana mmoja aliyejaza kurasa nyingi kuhusu ufugaji wa sungura ilhali anaogopa sungura. Basi pima mwenyewe habari ilivyopanda mlima siku klavye yangu, yaani kibodi, iliponikataa mimi ikamkubali mzee anayeandika kwa kidole kimoja.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, msimu ambao TFC na ndoa hugombania mashine moja. Mzee aliingia na dada yake, shangazi wa bibi arusi, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Faktiri ya mahari. Kwa asiye wa kwetu: ni orodha ambayo upande wa binti huwapelekea wakwe, ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, kostimu ya baba, kitenge cha mama, chumvi, sukari, kreti za bia. Siku hizi lazima ipigwe mashine, kwa sababu wakwe wakiona mwandiko wa mkono wanadhani bei bado inajadiliwa. Inajadiliwa hata ikipigwa mashine, ila kwa adabu zaidi.

"Mutoto," mzee akasema, "andika vizuri. Wale watu wamesoma."

Nikaandika anwani, nikaandika jina la ukoo, kisha nikawaacha kidogo. Mashine ya fotokopi ilikuwa imetafuna ukurasa wa shukrani wa binti mmoja anayesoma informatika, na ukurasa wa shukrani ndio pekee ambao wazazi huusoma. Nyuma yangu nikasikia mlio, tiii. Sikugeuka. Kibandani mwangu vitu vinavyolia ni vingi: UPS, ile betri ya akiba, hulia umeme ukikatika, ukirudi hulia tena, na ukisitasita hulia kwa wasiwasi. Niliporudi kitini, mzee alikuwa ameinama juu ya meza, kiganja kimoja kimeegemea pembeni, pua karibu na kioo, akihakikisha kwamba jina la ukoo lina herufi zake zote.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Yaani vidole viliendelea. Kioo kilibaki vilevile, kimstari kinapepesa, kinapepesa, hakisogei. Nikaongeza kasi. Hakuna. Nikapiga sentensi nzima kwa hasira ambayo mteja hakuagiza, na hata herufi moja haikutoka.

"Iko nini?" shangazi akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Dakika moja."

Kipanya kilikuwa kinakwenda. Kwenye kibodi taa ya namba ilikuwa inawaka kijani, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikachomoa waya wa USB, nikaupuliza, nikauchomeka tundu lingine. Kompyuta ikatoa ule mlio wake wa kupokea mgeni. Inamwona mgeni, inamkaribisha, lakini haimsikilizi. Nikaigeuza kibodi kichwa chini nikaipiga mgongoni. Vikaanguka makombo ya mandazi ya miaka mingi, pini za stepla, punje za mchele, na kichwa cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambacho mpaka leo kila anayekula kibandani kwangu anakikana. Nikaichomeka. Hakuna.

Ndipo akaja fundi wa simu wa kibanda cha pili, ambaye haitwi, anakuja.

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita mkubwa, "zima, uwashe."

Ushauri mzuri, ila kwangu haukuwezekana. Kitufe cha kuwashia kilishang'oka zamani. Mashine yangu huwashwa kwa kugusanisha nyaya mbili, na anayezijua ni mdogo wangu, na mdogo wangu siku hiyo alikuwa Uvira. Mashine ikizimika Jumamosi, imezimika mpaka mtu arudi kutoka Uvira.

"Basi ni vumbi," fundi akasema, tayari ana bisibisi mkononi. Kabla sijajibu alikuwa ameshang'oa vitufe nusu nzima, anavipangusa kwa pamba yenye spiriti kimoja kimoja, na kuvitupa ndani ya kifuniko cha ndoo. Alivipangusa vizuri, sina budi kusema kweli. Tatizo lilikuwa kuvirudisha. Kibodi zetu za Kongo ni za Kifaransa, mstari wa juu unaanza na A, Z, E. Yeye simu yake ameiweka kwa Kiingereza, na akavirudisha kama anavyoviona kwenye simu: Q palipokuwa A, A palipokuwa Q, W na Z zimebadilishana nyumba, M kaihamishia karibu na N. Mimi siangalii vitufe ninapoandika, kwa hiyo sikujali. Klavye yenyewe pia haikujali, maana haikuandika.

Nikaenda kuazima kibodi ya jirani wa sekretaria, kibanda cha kuchapa kama changu, ya chini, ambayo alinionyesha kwa macho yangu kwamba inaandika. Nikaichomeka kwenye mashine yangu. Ikafa. Mtu mwenye akili tulivu hapo angeelewa kwamba ugonjwa haumo katika kibodi, umo katika mashine. Lakini akili tulivu haikuwepo kibandani, kulikuwa na shangazi, na shangazi alikuwa ameshaanza kuangalia pembe za dari. Jirani akapanda mbio, akachomoa kibodi yake bila kuaga, kabla haijaambukizwa zaidi. Akaenda nayo akiipapasa.

"Mahali hapa," shangazi akasema polepole, "pamewahi kuombewa?"

Mzee hakuwa anamsikiliza. Yeye alikuwa amekasirishwa na kitu cheusi kilichokaa mezani kinakula muda wake. Akanyoosha kidole kimoja cha mkono wa kuume, kidole cha mtu aliyelima, akakiweka juu ya kitufe na kukikandamiza kama anayemsuta mtoto.

"Wewe! Andika!"

Ikaandika. Herufi moja, polepole, na kimlio kidogo: *k*.

Tukatazamana. Nikamsogeza mzee kwa heshima zote, nikapiga *k* ile ile. Hakuna. Nikapiga mara nyingi, haraka haraka. Hakuna. Mzee akakandamiza tena. *k*. Fundi akajaribu, hakuna. Mama wa mwavuli anayetuma pesa kwa simu, aliyekuwa ameacha wateja wake ili aone, akajaribu na kucha zake ndefu, hakuna. Mzee: *k*.

"Inajua wakubwa," mama wa mwavuli akasema, na hakuna aliyekuwa na neno bora zaidi.

Kuanzia hapo mzee alinipokonya kiti. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa kalenda, akatangaza kwamba yeye alianza shule wakati wa Wabelgiji, na kwamba faktiri ya binti wa ukoo wake ataiandika kwa mkono wake. Akaanza na kichwa cha habari. Alitafuta kila herufi kwa kuzungusha kidole hewani, akaikandamiza, akasubiri kimlio, akainua uso kutuangalia kama tunafuata. Shangazi alipata nafasi ya kwenda sokoni kununua lengalenga na kurudi, na neno lilikuwa bado halijaisha. Hatimaye likaisha.

*,qhqri*

"Hii ni nini?" mzee akauliza.

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama barabara.

"Ni virusi," akasema.

Nikajaribu kumweleza mzee kwamba akitaka A abonyeze palipoandikwa Q, na akitaka M aende mwisho wa mstari wa kati. Akaniuliza kama nataka kumwambia kwamba A si A. Nikanyamaza. Tukakubaliana kwamba kichwa cha habari nitakirekebisha mimi, Mungu akijalia, yeye aende kwenye mali yenyewe. Akaandika *ng'o,be*, akaitazama kwa muda, akaamua kuisamehe. Kisha akaikandamiza 8.

Kikatoka kistari: _

"Ng'ombe wetu wameenda wapi?"

Hapo sasa kosa halikuwa la fundi. Kwenye kibodi ya Kifaransa namba za mstari wa juu zimekaa ghorofani. Ukibonyeza 8 tupu unapata kistari, 5 tupu unapata mabano yaliyofunguka. Lakini nenda kamwambie hivyo mzee ambaye ng'ombe 8 wa ukoo wamegeuka mahali patupu, kama fomu ambayo wakwe watajaza wenyewe. Shangazi alishika kichwa.

"Papa," nikasema, "shikilia kwanza kile kitufe chenye mshale, cha kulia. Usikiachie. Halafu tafuta 8."

Akashikilia kwa kidole gumba. Akaanza kutafuta 8. Akaanzia kushoto kama kawaida yake, akasoma namba zote kwa Kifaransa, akafika 6, akasita, akarudi 4. Mashine ikalia, tiii. Sote tukaruka. Mzee hakuachia. Akaifikia 8, akainua kidole, akakishusha kwa uzito wa ukoo mzima.

*ng'o,be 88888888*

Na ingeendelea kama shangazi hangemvuta mkono. Mzee akaanza kuhesabu tarakimu, akifuta moja iliyomzidi nguvu ya kutamka. Zikabaki saba. Milioni nane, laki nane na zaidi.

Nikapitisha vidole juu ya klavye haraka, mtindo wangu. Maneno yakamwagika kiooni. Imepona!

Yule binti wa informatika, ambaye muda wote alikuwa anasubiri ukurasa wake wa shukrani, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akaja akatuonyesha. Ukishikilia kile kitufe chenye mshale, Shift ya kulia, kwa sekunde 8, Windows huuliza kama unataka "touches filtres": mashine itapuuza kitufe kilichoguswa kwa haraka na kupokea tu kile kilichokandamizwa kwa muda. Imewekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka au ni mizito, wasijikute wameandika herufi moja mara kumi. Ukishikilia tena sekunde 8, inatoka.

"Nani alikubali?" binti akauliza. "Lazima kuna mtu alijibu lile dirisha."

Kimya. Mzee akavaa koti.

"Lilikuja dirisha," akasema. "Lilikuwa na swali refu la Kifaransa. Mtu mzima akiulizwa swali refu kwa Kifaransa, anajibu *oui*."

Nikapiga faktiri yote upya, herufi nono, ng'ombe 8, mbuzi 5, chumvi, sukari, kila kitu mahali pake. Nikamchapishia. Akaisoma kwa kidole, akaridhika, akaikabidhi kwa shangazi. Kisha akaelekeza kioo.

"Na ile yangu, toa pia."

"Papa, ile ina ng'ombe zaidi ya milioni nane."

"Ndiyo. Tutaanza na hiyo."

Nikaichapisha. Akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, na nilipomdai karatasi mbili akalipa moja. Ile nyingine, alisema, ni makosa ya mashini.