Mwanajeshi katoka kambini hana pa kulala: wa wizara huyu au wa halmashauri?

Huu mjadala unarudi kila nchi yenye jeshi, mtu akivua gwanda akakosa nyumba ni mzigo wa nani. Wizara inasema sisi tumeshamalizana nae, halmashauri inasema huyu si wetu, hakuzaliwa hapa wala hajaishi hapa, serikali kuu ndo ilimchukua basi imrudishe ilikomtoa. Na huku wanavutana mtu analala kwenye gari.

Kwanza hili neno "mwanajeshi mstaafu" linatupoteza. Ukisikia mstaafu unaona mzee wa mvi, ana kiinua mgongo na pensheni, ana kijumba chake. Kumbe wapo wengi wa miaka 27, 30, kaingia jeshini na miaka 18 katoka kabla muda wa pensheni haujafika, na maisha yake yote hajawahi kusaini mkataba wa kupanga wala kulipa bili ya umeme kwa jina lake maana kambini chumba kipo na chakula kipo. Sasa mtu kama huyo nenda nae ofisi ya nyumba uone, anaulizwa barua ya mwenye nyumba wake wa mwisho. Mwenye nyumba wake wa mwisho ni jeshi jamani!

Ana bahasha yake ya kaki, ndani kuna cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi za hospitali na picha mbili za pasipoti. Dirisha la kwanza wanataka uthibitisho wa kipato. Uthibitisho wa kipato unategemea malipo ya ulemavu, hayo yanatoka ofisi nyingine, huko nako wanasema faili lako tunalipitia, majibu tutakutumia kwa posta, andika anwani yako hapa. Anwani ndo kitu anachokitafuta! Anatoka pale anarudi dirisha la kwanza, anaambiwa njoo na ile barua. Ukiwauliza hao maofisa mmoja mmoja wote wamefata utaratibu, hakuna aliyekosea, na hapo ndo ubaya wa hii ishu ulipo.

Wanaotaka serikali kuu ishike kila kitu wana hoja nzito. Kumbukumbu za jeshi ziko kwao, pesa ziko kwao, na ukiachia kila halmashauri ifanye inavyoona basi aliyebahatika kuangukia mji wenye hela anapata nyumba, mwenzake waliyelala nae handaki moja anapata kipeperushi. Hilo siwezi kulipinga.

Ila serikali kuu haina viwanja mtaani. Angalia Afrika Kusini, sheria ya maveterani (wanajeshi na wapiganaji wa zamani) ya mwaka 2011 imeweka nyumba kuwa haki kabisa, lakini kuipata hiyo nyumba kunapita ngazi tatu: idara ya maveterani inathibitisha kwamba kweli ulikuwa mpiganaji, jimbo linajenga, manispaa inatakiwa iwe na kiwanja chenye maji na umeme. Ngazi moja ikilala zote zinalala. Malalamiko yalirundikana hadi Oktoba 2021 baadhi ya wapiganaji wa zamani wakawazuia mawaziri wawili na naibu waziri kwenye hoteli karibu na Pretoria, nyumba na malipo yakiwa kati ya waliyoyadai. Siungi mkono kumfungia mtu ukumbini, ila haki ilikuwepo kwenye karatasi miaka 10 na bado watu walikuwa wanauliza.

Marekani walikuja na njia ambayo mimi naiona ina akili. Programu inaitwa HUD-VASH, wizara ya nyumba inatoa vocha ya kulipia kodi ya nyumba kupitia mamlaka ya nyumba ya mji husika, idara ya maveterani inatoa mfanyakazi wa ustawi wa kumfatilia huyo mtu, na mpangaji mwenyewe analipa karibu asilimia 30 ya kipato chake. Yaani pesa ya taifa, nyumba ya mtaani. Mwaka 2014 mameya wakaitwa kila mmoja aahidi kwamba kwake veterani hatalala nje, na New Orleans wakawa mji mkubwa wa kwanza kutangaza kufika hapo, Januari 2015, Houston wakafata mwaka huohuo. (Kufika hapo maana yake si kwamba hakuna hata mmoja, ni kwamba anayekosa nyumba leo kuna uwezo wa kumpatia haraka, wanasiasa huwa wanakiruka hicho kipande.)

Walichokifanya tofauti, ukiacha hotuba, ni orodha. Na ninaposema orodha simaanishi takwimu kwamba tuna maveterani 300 hawana makazi, namaanisha majina, mstari kwa mstari, fulani yuko chini ya daraja, fulani yuko kwenye makazi ya muda, na maofisa wa nyumba, afya, jeshi na mashirika wanakaa meza moja wanapitia kila jina na kuulizana huyu nani anae, kakwama wapi. Ukishaulizwa swali hilo mbele ya watu huwezi kusema "faili liko kwenye mchakato" mara tatu mfululizo, utaona aibu.

Namba zinaongea kiasi chake. Sensa ya usiku mmoja ya mwaka 2010 ilikuta maveterani kama 74,000 wasio na makazi, ya 2024 ikakuta 32,882, na hiyo 2024 ndo mwaka ambao wasio na makazi kwa ujumla walivunja rekodi, zaidi ya laki saba na 70 elfu. Miji ni ileile, kodi za nyumba ni zilezile, kundi moja linapungua wakati wengine wanaongezeka.

Sasa mwenye kupinga atakwambia hapo hakuna maajabu ya uratibu, mmemwaga vocha tu, na ungemwaga vocha kwa kundi lolote lingepungua. Nusu ya ukweli anayo. Bila pesa meza inakuwa kikao cha chai. Lakini vocha zenyewe zipo nyingi tu zilizokaa bila kutumika kwa sababu wenye nyumba wanazikataa au hakuna mfanyakazi wa kumshika mtu mkono, kwahiyo pesa peke yake nayo haitembei.

Na kuna vituko ambavyo bila kukaa pamoja havionekani kabisa. Kwa muda mrefu malipo ya ulemavu wa vitani yalihesabiwa kama kipato, kwahiyo aliyeumia zaidi, analipwa zaidi, akionekana ana kipato kikubwa mno kuingia kwenye baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa ajili yake. Idara moja inampa pesa kwa sababu kaumia, nyingine inamnyima nyumba kwa sababu ana hiyo pesa. Wizara ya nyumba ya Marekani ilikuja kuligusa hilo Agosti 2024.

Upande wa haki sasa, huu ndo unanisumbua. Foleni ya nyumba ina mama mwenye watoto watatu, ina mlemavu ambaye hajawahi kuvaa gwanda. Ukimpitisha mwanajeshi mbele, nyumba hazijaongezeka, umehamisha tu nani anasubiri. Mi naona kuna vitu viwili watu wanavichanganya, kumpa mtu zawadi na kumwondolea adhabu. Uingereza halmashauri nyingi zinataka uwe na uhusiano na eneo, umeishi hapo au una ndugu hapo. Mwanajeshi kahamishwa vituo sita kwa amri, uhusiano atautoa wapi? England, ambayo ni sehemu ya Uingereza, tangu 2012 wakaondoa sharti hilo kwenye foleni ya nyumba za umma kwa waliotoka jeshini ndani ya miaka 5, na Septemba 2024 Keir Starmer akiwa waziri mkuu akaahidi liondoke kwa maveterani wote. Hiyo siiiti upendeleo, jeshi ndo lilimhamisha. Ila kusema aruke foleni kwa kuwa tu alitumikia nchi, hata kama hana shida kuliko wenzake, hapo mimi sipo.

Hukohuko tangu Novemba 2022 sheria inazitaka halmashauri zizingatie hali ya wanajeshi na maveterani kwenye nyumba, afya na elimu. Wapo wanaoisifu, mi nakwama kwenye hilo neno kuzingatia. Naweza kukuzingatia vizuri sana asubuhi na mchana nikakunyima nyumba. Halafu mzigo umewekwa kwa halmashauri ambayo haina nyumba za kutosha hata kwa walioko kwenye orodha, pesa ya kujenga haikuja na barua.

Suala la siri nalo tusilipite. Hiyo orodha ya majina ina mambo ya watu, huyu anakunywa, huyu haoni usingizi tangu arudi, huyu kaachishwa kwa utovu wa nidhamu. Karani wa nyumba anahitaji kujua vyumba vingapi na mguu unapanda ngazi au haupandi, ya usingizi hayamhusu. Wapo wanaoficha kabisa kwamba walikuwa jeshini kwa kuogopa hayo, na hao hawataonekana kwenye orodha yoyote hata uwe na meza ya dhahabu.

Ndo maana kipande ninachokipenda kuliko vyote hakiko kwenye vita wala vocha. England, tangu Oktoba 2018, wizara ya ulinzi imo kati ya taasisi zinazotakiwa kumpeleka mtu kwenye halmashauri anayoitaka yeye, akiridhia, pale inapoonekana anaweza kukosa makazi, na halmashauri inapaswa kuanza kumsaidia zikiwa zimebaki siku 56 kabla hajakosa. Wiki nane kwa mtu ambaye hajawahi kutafuta chumba ni chache kwa kweli, na meneja wa nyumba yeyote atakwambia hivyo. Ila anaanza kutafuta akiwa bado ana kitanda, na pale dirishani wakimuuliza anwani anayo ya kuandika, ya kambini.