Somo la Mwangaza Lianzie Mahakamani Toulouse

Wiki iliyopita nilikuwa nikimsaidia mpwa wangu kudurusu historia, nikakuta daftarini mwake Zama za Mwangaza, yaani vuguvugu la fikra la Ulaya katika karne ya 17 na ya 18, zimebanwa katika mistari minne: Locke, haki za asili, Montesquieu, mgawanyo wa madaraka, Rousseau, mkataba wa jamii, Voltaire, uhuru wa maoni. Hakuna kosa katika mistari hiyo, na huenda ndiyo itakayompatia alama, lakini iliniudhi sana, kwa sababu mtoto anayeikariri hataambiwa wanafalsafa hao walikuwa wakibishana juu ya uhai wa nani.

Mmoja wa watu ambao uhai wao ulibishaniwa alikuwa Jean Calas, mfanyabiashara wa vitambaa, Mprotestanti katika mji wa Kikatoliki wa Toulouse nchini Ufaransa. Oktoba 1761 mwanawe, Marc-Antoine, alikutwa amekufa nyumbani kwao. Umati uliokusanyika nje ukapiga kelele kwamba baba amemnyonga kijana kwa kuwa alitaka kuingia Ukatoliki, na uvumi huo ukageuka mashtaka. Mahakama kuu ya mji ilikuwa na desturi ya kujumlisha robo na thumuni za ushahidi, hata minong'ono kadhaa ikiwekwa pamoja ikahesabiwa kuwa uthibitisho. Tarehe 10 Machi 1762 mzee huyo, aliyekaribia miaka 64, aliteswa ili ataje washirika, akavunjwa viungo kwa hukumu ya gurudumu, yaani adhabu ya kifo ya zama zile, na mpaka mwisho alishikilia kwamba hana hatia.

Voltaire alipolishika jambo hili aliuliza maswali ambayo fundi au mama mwenye nyumba angeweza kuyauliza. Mzee wa umri ule angewezaje, peke yake, kumnyonga kijana wa miaka 28 mwenye nguvu zake? Na ikiwa alisaidiwa na mkewe, mwanawe mwingine, mgeni wao na mtumishi wao Mkatoliki, ambao wote walikuwemo nyumbani usiku ule, kwa nini auawe yeye, na wao waachwe hai? Aliandika barua kwa wakubwa, akatafuta mawakili, akachapisha kitabu juu ya uvumilivu wa dini mwaka 1763, na Machi 1765 Calas akatangazwa kuwa hakuwa na hatia, miaka mitatu baada ya kuuawa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kuu ya akili katika karne ile, yaani kuilazimisha dola ieleze imejuaje kile inachodai kukijua kabla haijamgusa mtu.

Mwaka 1764, Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Milano, Italia, kijana wa miaka 26, aliigeuza hoja hiyo kuwa kanuni. Alisema kwamba kosa ama limethibitika au halijathibitika: likiwa limethibitika, sheria imekwisha kuweka adhabu yake na mateso hayana kazi, likiwa halijathibitika, anayeteswa ni mtu ambaye mbele ya sheria bado hana hatia. Aliongeza kwamba mateso humwokoa mhalifu mwenye mwili imara na kumwangamiza dhaifu asiye na kosa. Mwaka 1786 Toscana, dola iliyokuwa katika Italia ya leo, ilifuta adhabu ya kifo, na Ufaransa iliondoa mateso ya mahakamani kwa hatua mbili, mwaka 1780 na 1788.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba watu hawa hawakuwa safi. Locke aliwekeza fedha katika kampuni iliyouza Waafrika utumwani, Rousseau alitaka msichana alelewe kwa ajili ya kumridhisha mwanamume, na Beccaria mwenyewe alipendekeza kazi ngumu ya maisha badala ya kifo. Hayo yafundishwe pia, bila kufichwa. Lakini hoja dhidi ya mateso haipungui nguvu kwa sababu ya madhambi hayo.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Hata hivyo bado nawasikia watu waungwana, wenye elimu yao, wakisema mshukiwa apigwe kidogo ndipo atasema. Ningependa kila mmoja wao ajibu hoja ya Beccaria kwa dhati: ikiwa unajua alichofanya, unampigia nini, na ikiwa hujui, ni nani aliyekuruhusu kumpiga?