Imbalu tunaiwekea akiba, mazishi je?

Kila mwaka wa namba shufwa, Agosti ikifika, Wamasaba hukusanyika Mutoto, karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, kufungua msimu wa imbalu, tohara ya vijana wao. Ulezi wa pombe umeshawekwa tayari, na kijana atakayetahiriwa ameshazunguka kwa wajomba na mashangazi akicheza na kutunzwa. Hakuna anayesema kwamba kujiandaa hivyo ni kuita damu. Lakini mzee wa dini ya jadi (neno "mpagani" sitalitumia, ni tusi) akitamka jinsi anavyotaka kuzikwa, nyumba nzima hunyamaza, halafu mtu humwambia asijiitie kifo.

Matokeo yake tunayajua. Baba akifa, mwana mlokole anamwita mchungaji, wa pili aliyesilimu anataka maiti izikwe kabla jua halijatua, na wazee wa ukoo bado wako njiani. Kikundi cha munno mukabi, yaani majirani wanaosaidiana msibani, kitaleta masufuria, maturubai na michango, na Mungu awabariki, lakini si kazi yao kuamua nani asimame kaburini.

Wanaokataa kupanga wana hoja mbili. Ya kwanza ni hofu, nayo ina mizizi. Waganda, watu wa Buganda, husimulia kwamba Walumbe, ndugu yake Nambi, mwanamke wa kwanza, ndiye aliyeleta kifo, na kwamba ndugu yao Kayikuuzi alimfukuza mpaka akazama ardhini pale Ttanda, Mityana, ambako mashimo yake hutembelewa hadi leo. Kwa anayeamini kwamba Walumbe yuko chini anasikiliza, kutaja kaburi lako si jambo jepesi.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi: kifo si mali ya mtu mmoja. Matanga huondolewa kwa okwabya olumbe, sherehe ya Waganda ya kufunga msiba, ukoo ukiwa umekusanyika na musika, mrithi wa kimila, akitambulishwa mbele ya wote. Karatasi iliyoandikwa kimyakimya kwa wakili inaweza kuwatoa wazee hao nje ya ua wao wenyewe.

Naikubali hoja hiyo, ila hainifikishi kwenye kunyamaza. Marehemu asiyeacha wosia, marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Urithi ya Uganda humpa mrithi wa kimila asilimia 1 tu ya mali yake, ilhali macho yote yatamwelekea huyohuyo siku ya okwabya olumbe. Bila kupanga, tunamwachia kijana huyo deni na ugomvi kwa pamoja. Basi mzee aseme wosia wake ukoo ukiwa umekutana kwenye sherehe, pombe ikiwa mtungini na watoto wa dini zote wakisikia, ndipo uandikwe na kushuhudiwa na watu wawili kama sheria inavyotaka.

Na kuna jambo lisilosubiri mjadala huu. Lubugo, gome analovishwa maiti, hutoka kwenye mti wa mutuba. Huchunwa msimu wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke na kulainika. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005, lakini mafundi wake hawawezi kuifanya usiku mmoja wa msiba. Anayetaka kuzikwa na lubugo amwone fundi mvua hizi zikianza, aende na mwanawe, hata yule mlokole.