Nyumba ya mnada: urahisi wake unalipwa na nani?

Nyumba ya mtaa wa Tudor, Mombasa, ikienda mnadani kwa shilingi milioni tisa, na ya jirani iliuzwa juzi tu milioni kumi na mbili, watu barazani huuliza ina kasoro gani. Mara nyingi nyumba yenyewe haina neno. Zile milioni tatu zilizopungua ni ujira wa mnunuzi kwa kukubali kuurithi ugomvi wa watu wengine: benki na mwenye nyumba aliyeshindwa kulipa mkopo. Kuna wanaoumudu ugomvi huo, na kuna ambao utawamalizia pesa kabla hawajalala humo hata usiku mmoja.

Bei hizo nimezitaja kwa mfano, lakini uwiano wake ndio wa kawaida. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaitaka benki imwite mthamini kabla ya kuuza, kisha itafute bei bora inayoweza kupatikana. Wengi wanakisoma kwamba nyumba ikienda kwa chini ya robo tatu ya thamani ya soko, benki ndiyo itakayotakiwa kujieleza. Basi bei ambayo dalali haruhusiwi kushuka chini yake huwekwa papo hapo, ukingoni mwa robo tatu.

Wanaousifu mnada wana hoja nzito, na hapa Mombasa ina uzito zaidi. Mtu huuziwa ploti Kisauni leo, kesho akatokea mwingine na karatasi yake, kesho kutwa wa tatu. Mnadani muuzaji ni benki, rehani yake imesajiliwa, na hati ilishapekuliwa na mawakili siku mkopo ulipotolewa. Juu ya hayo, kifungu cha 99 kinamkinga mnunuzi: hatakiwi kuchunguza kama kweli mwenye nyumba alishindwa kulipa, wala kama notisi zilimfikia sawasawa. Nyundo ikigonga, haki ya kuikomboa mali imekatika. Mwenye nyumba aliyedhulumiwa ataidai benki fidia, ila nyumba hairudi, isipokuwa kulikuwa na ulaghai ambao mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua.

Sasa tupige hesabu. Nyundo imegonga kwenye milioni tisa. Asilimia 25 inatakiwa pale pale, yaani milioni mbili na robo, kwa hundi ya benki. Zilizobaki, milioni sita na laki saba u nusu, kwa masharti ya kawaida ya mabenki hulipwa ndani ya siku 90. Mnada ukiwa wa amri ya mahakama, muda ni siku 15 tu. Ukishindwa, ile asilimia 25 uliyoweka amana imekwenda. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, na mthamini wa serikali anaweza kuuhesabu juu ya thamani aliyoiona yeye, si bei uliyoipata. Kuna malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti, na kama ni fleti ya Nyali au Bamburi, ada za usimamizi ambazo huenda hazijalipwa muda mrefu. Nani atayalipa? Jibu limo kwenye masharti ya mnada, karatasi ambayo wengi huitia sahihi wakiwa wamesimama. Mwalimu au karani anayetegemea mkopo atamaliza zile siku 90 bado anazungushwa na ofisi ya mikopo. Kwa hiyo wanunuzi wa minada ni wale wale, wenye pesa mkononi, na wanajuana.

Kujuana huko ndiko kunakonitia shaka kuliko yote. Siku yenyewe utawaona wamesimama kando, namba zao mkononi, dalali anataja bei na wote kimya. Mmoja anapandisha kidogo, mwingine anacheka na simu yake. Wakishapatana nje kwamba leo ni zamu ya fulani, ushindani unabaki jina tu. Upande wa pili wapo wanaowekwa wapandishe bei bila nia ya kununua. Najshi hiyo imekatazwa katika dini, na kila mtu aliyepita madrasa analijua hilo.

Mali ikishapatikana kwenye karatasi, bado kuna watu ndani. Kumtoa mtu kwenye ardhi ya kibinafsi kunataka notisi ya miezi mitatu, na zuio la mahakama linaweza kuongeza miaka. Na huku kwetu kuna nyumba bila ardhi: ardhi ya mmoja, kuta za mwingine, mwenye kuta akimlipa mwenye ardhi kodi kila mwezi tangu enzi za babu. Anayenunua kiwanja chenye nyumba za namna hiyo bila kwenda kukitazama kwa macho atapata hati safi na majirani mia wasiomtambua.

Na mdaiwa? Si kweli kwamba huvamiwa usingizini. Akikosa kulipa mwezi mzima, hupewa notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40, kisha dalali humpa siku 45. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mume au mke. Tangu 2007 riba anayodaiwa baada ya mkopo kuharibika haiwezi kupita deni lililobaki siku ulipoharibika. Lakini Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha riba yake ya msingi asilimia 13, na mwaka huo mikopo isiyolipwa ikapita asilimia 16 ya mikopo yote. Wengi walianguka bila uzembe wowote. Surat al-Baqara, aya ya 280, inasema mwenye dhiki apewe muhula. Benki itajibu kwamba pesa ile ni ya wenye akiba, na ina haki ya kusema hivyo.

Mimi sioni dhambi kununua mnadani, ingawa wapo wazee wanaosema nyumba ya machozi haina baraka. Ninachokiona ni kwamba mwenye nyumba hupoteza ile robo kwa kunyamaza. Karibu nusu mwaka wa notisi huishia kwenye droo, kwa aibu, hadi tangazo linabandikwa getini. Benki nyingi hukubali mdaiwa auze mwenyewe kwa mapatano, mradi deni lilipwe. Barua ya kuomba hivyo, pamoja na ripoti ya mthamini wake mwenyewe, ifike ndani ya ile miezi mitatu ya mwanzo. Tangazo likishatoka gazetini, kila anayekuja kuitazama nyumba anajua kwamba akisubiri wiki mbili tu ataipata kwa robo tatu ya bei.