Jiolojia ya Mlima Meru Ifundishwe Palepale Hifadhini

Mwanafunzi anayepelekwa na shule yake katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha hurudi nyumbani na orodha ya wanyama: twiga, nyati, pundamilia, ngiri, mbega, na flamingo wa maziwa ya Momella. Ni orodha nzuri na siibezi hata kidogo. Lakini mwanafunzi huyo ameshinda kutwa nzima miguuni pa volkano, amepita juu ya mabaki ya mlima ulioporomoka, amechungulia kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano, yenye upana wa kilomita 3 hivi, na mara nyingi hakuna aliyesimama kumweleza ni nini kilichotokea mahali pale. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa katika namna tunavyozitumia hifadhi zetu, na wanaolipia gharama yake ni watu wanaoishi chini ya mlima huohuo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukiingia kwa lango la Ngongongare na kuelekea Momella, unakutana na vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa bila mpangilio, na katikati yake maziwa: Momella Kubwa na Momella Ndogo, Rishateni, Tulusia, Kusare na mengine. Mgeni huyapiga picha na kusonga mbele. Mwanajiolojia huona kitu kingine. Upande wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na miamba, majivu na matope yakateremka kwa kasi hadi kwenye tambarare za Sanya, kuelekea Kilimanjaro. Mapande makubwa ya mlima yaliyotua bila kusagika ndiyo yaliyogeuka vilima, na mabonde yaliyobaki kati yake yakajaa maji. Ukigeuka kuangalia magharibi unauona ukuta wa mwamba wenye kimo cha zaidi ya mita 1,500, ambao ni jeraha la poromoko hilo, na mbele yake koni ya majivu iliyojijenga baadaye kutokana na milipuko midogo. Mlipuko wa mwisho unaojulikana ulitokea mwaka 1910, wakati ambao mji wa Arusha ulikuwa tayari umeshaanza.

Yote haya yanaweza kufundishwa bila darubini wala maabara. Tafuta mahali ambapo mvua au barabara imekata kingo ya kilima kimojawapo, kisha waambie wanafunzi wayatazame mawe yaliyomo. Wataona jiwe kubwa kama jiko la mkaa likiwa limekaa kando ya kokoto ndogo, yote yamebanwa ndani ya udongo wa kijivu, na kingo za mawe hayo ni kali. Waulize kama mto ungeweza kuyaleta. Mto huyachambua mawe kwa ukubwa na kuyasugua hadi yawe mviringo, kwa hiyo mchanganyiko ule hauwezi kuwa kazi ya mto. Mwanafunzi aliyefikia jibu hilo mwenyewe, kwa macho yake na kwa hoja yake, amefanya utafiti wa jiolojia. Hatalisahau somo hilo kama anavyosahau tofauti ya kreta na kaldera aliyoikariri kwa Kiingereza ili ajibu mtihani wa Jiografia.

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi na wazungu wenye muda. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa, kwa sababu jiolojia ya Meru imo vinywani mwa watu. Mtu yeyote aliyekulia Arusha, hasa maeneo ya Maji ya Chai, Ngurdoto na vijiji vya jirani, anajua meno ya kahawia. Anajua pia jinsi kijana anavyofika Dar es Salaam au bweni la mkoa mwingine, akicheka tu anaulizwa kama ametoka Arusha. Watoto wengi wamesemwa kwamba hawapigi mswaki, ilhali kosa lao ni kunywa maji ya nyumbani kwao wakati meno yao ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi. Floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hayo, ikizidi katika miaka hiyo ya utoto, jino linatoka likiwa na madoa, na pale ilipozidi sana linamomonyoka. Kwa wanaoyanywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na wapo watu waliopinda miguu.

Chanzo cha floraidi hiyo ni miamba ileile ambayo wanafunzi wanapita juu yake bila kuambiwa kitu. Zaha (lava) na majivu ya Meru yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi, lakini yana kalsiamu kidogo. Palipo na kalsiamu ya kutosha, floraidi hushikamana nayo na kutulia chini kama madini. Kwenye Meru haipati cha kushikamana nacho, hivyo hubaki ndani ya maji, nayo maji yanabaki maangavu, baridi na matamu, yasiyotoa dalili yoyote kwa anayekinga ndoo. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ardhini yakipenya kwenye majivu na mawe yaliyooza, ndivyo yanavyozidi kuchukua floraidi, na ndiyo sababu chemchemi mbili zisizo mbali zinaweza kutofautiana sana. Katika maziwa ya Momella, ambako jua huyafyonza maji na kuyaacha madini, kiwango hupanda mno. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo kama haya yangekosa maji kabisa endapo kipimo kikali kingetumika.

Wala maji si njia pekee. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo hubeba floraidi, na hutoka kwenye ardhi hiyohiyo ya kivolkano ya Bonde la Ufa. Mama anayechagua magadi sokoni anafanya uamuzi wa kijiolojia bila mtu kumsaidia.

Watafiti wanayajua haya kwa muda mrefu. Pale Ngurdoto, jirani na hifadhi, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kinachotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru imelifanyia kazi nyingi suala hilihili. Basi la shule likienda kutazama kreta linapita maeneo hayohayo. Sioni kwa nini safari moja isiunganishe mambo matatu, yaani kreta ilivyozaliwa, mwamba unavyoyapa maji floraidi, na mkaa wa mifupa unavyoiondoa. Ziara ya namna hiyo ingemfanya mtoto wa darasa la sita arudi nyumbani na kuuliza maji ya bomba lao yamepimwa lini, na swali hilo lina thamani kubwa kuliko maelezo mengi tunayoyatoa kwenye semina za hotelini.

Kimya hiki kina sababu zake. Hifadhi zetu zilianzishwa kwa ajili ya wanyama, fedha za utalii zinaletwa na wanyama, na waongoza watalii wetu hufundishwa kwa mkazo mkubwa juu ya wanyama, ndege na mimea. Mwongozaji hodari atakutajia ndege kwa kusikia mlio tu. Muulize jiwe aliloliegemea ni la aina gani, mara nyingi atakuambia ni la volkano, na mazungumzo yanaishia hapo. Simlaumu, kwani hakufundishwa, na hata angependa kujisomea angekuta maandishi karibu yote ya jiolojia ya Meru yako kwa Kiingereza, katika majarida ya kitaaluma ambayo hata maktaba zetu nyingi hazinayo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hata wanyama wenyewe hawaeleweki vizuri bila miamba. Nyumbu wa Serengeti huenda kuzalia kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini kwa sababu majivu kutoka milima ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai yaliweka pale udongo wenye kalsiamu na fosforasi, madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji sana, huku tabaka gumu lililo chini ya udongo huo likiizuia miti kushusha mizizi. Mtalii anayelipa fedha nyingi kuona ndama wakizaliwa anatazama matokeo ya volkano. Vivyo hivyo Bonde la Oldupai: fuvu la kale la jamii ya binadamu lililopatikana hapo mwaka 1959 lilitikisa dunia zaidi mwaka 1961, pale majivu ya volkano yaliyolizunguka yalipopimwa na kuonyesha umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mfupa ule usingekuwa na umri bila majivu. Na nyayo za mababu wa binadamu za Laetoli, zenye miaka zaidi ya milioni 3.6, zilihifadhiwa na majivu yaliyolowa mvua kisha yakakauka. Mwaka 2016 nyayo nyingine za hapo zilitangazwa na watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao, Mtanzania, na ningependa kila mwanafunzi wa Jiografia alijue jina hilo.

Kwa Arusha, hata hivyo, sababu inayonipa wasiwasi zaidi ni usalama. Mwezi Julai 2007 ardhi ilitikisika mfululizo kwa siku nyingi kaskazini mwa Tanzania. Mitetemo hiyo ilisikika hadi Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka kwenye majengo marefu. Wanasayansi walieleza kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa ikijipenyeza ardhini karibu na Mlima Gelai, na mwezi Septemba Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kurusha majivu. Uvumi ulikuwa mwingi na maelezo ya Kiswahili yalikuwa machache. Meru nao ni mlima ambao umelala tu, haujafa, na mashamba, shule na mji mzima wa Arusha vimekaa miguuni pake. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwamba watu waliokwisha kufundishwa mlima wao unavyofanya kazi husikiliza tahadhari kwa utulivu, na wasiofundishwa husikiliza uvumi.

Mwaka 2018 eneo la Ngorongoro na Lengai liliingizwa na UNESCO katika orodha ya jiopaki za dunia, yaani maeneo yanayotunzwa kwa ajili ya urithi wa miamba yake, na kwa hiyo wazo kwamba miamba ni urithi wa kuhifadhiwa na kufundishwa si geni tena nchini. Nilifurahi sana. Ila jiopaki moja isiwe kisingizio cha kuziacha hifadhi nyingine zikae kimya juu ya miamba yake, na Arusha ni mahali pazuri pa kuendeleza kazi hiyo kwa kuwa ni ndogo, iko karibu na shule nyingi, na mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu akiwa na askari wa uhifadhi. Hakuna haja ya kugonga wala kubeba jiwe lolote, na katazo la kutoa mawe hifadhini libaki kama lilivyo.

Ninachokidai ni kidogo kwa gharama. Vyuo vinavyowaandaa waongozaji viweke somo la jiolojia lenye siku za nje, likifundishwa na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambao baadhi yao wanazunguka mitaani wakitafuta kazi. Kwenye kingo zilizokatika kule Momella ziwekwe mbao za maelezo kwa Kiswahili kwanza. Na kila mtafiti anayepewa kibali cha kuchukua sampuli za mawe au maji katika hifadhi, awe Mtanzania au mgeni, adaiwe kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida zinazoeleza alichokipata, zikabidhiwe kwa hifadhi, shule za jirani na serikali za vijiji kabla kibali hakijafungwa. Waliopima maji waandike na jina la chemchemi na kiwango cha floraidi kwa tarakimu, ili mwananchi wa Maji ya Chai asome kwenye ubao wa ofisi ya kijiji chake ni chemchemi ipi ya kumnywesha mtoto na ipi ya kufulia nguo.