Mwiteni na anayebeba majalada

Kuna daftari moja nililiharibu mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza masjala, ukurasa umechanika, nikachukua selotepu nikabandika pande zote mbili, na bosi akanisifu. Miaka baadaye plastiki ilikuwa imebanduka, imeacha gundi ya rangi ya chai ya rangi iliyopenya hadi ukurasa wa pili. Na nilishakuwa na vyeti viwili vya semina za utunzaji wa nyaraka!

Semina zenyewe mnazijua. Ukumbi wa hoteli, projekta, mtoa mada anasoma slaidi, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja. Karatasi pekee tunayoishika ni ya mahudhurio.

Mafunzo yaliyonifungua macho yalifanyika kwenye chumba kidogo chenye jiko la umeme. Tulipika gundi. Wanga wa ngano na maji, unakoroga bila kupumzisha mkono mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa, ukipoa unauchuja. Kisha kiraka: karatasi ya Kijapani, ile nyembamba inayotokana na magome ya miti. Haikatwi kwa mkasi: unapitisha brashi yenye maji, unavuta taratibu, pembeni zinatoka nyuzinyuzi, nazo ndizo zinazoshika. Lakini kwanza unajaribu wino kwa tone dogo la maji kwenye herufi moja, usije ukafuta barua ya watu. Kiraka changu cha kwanza kilijikunja kama jani kavu la mgomba. Cha tano kikakaa. Na ukikosea, maji kidogo tu gundi inaachia. Selotepu haina huruma hiyo. (Glavu za pamba tuliambiwa tuvue. Mkono safi na mkavu unaihisi karatasi.)

Miswada ya Kiarabu iliyoko Nyaraka za Taifa Zanzibar imo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 2003, na majalada ya Wajerumani yaliyoko Dar es Salaam tangu 1997. Heshima kubwa, ila ukungu hausomi orodha. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi ukungu unaota kwenye karatasi, na pwani yetu huvuka hapo bila jasho. Halafu nimeona ofisi inayozima kiyoyozi saa tisa na nusu watu wakitoka, ghala la nyaraka linajaa unyevu usiku kucha, asubuhi kinawashwa tena.

Wapo wanaosema tuskani tu yaishe. Ukurasa uliochanika vipande vitatu utauskani vipi kabla hujaushika?

Kinachonikera zaidi ni majina ya wanaoitwa. Wanakwenda wakuu wa idara, ambao ghalani huingia na wageni. Kwetu anayejua rafu ipi inavujiwa ni mzee mmoja mhudumu. Mvua zikianza ndiye anayesogeza ndoo. Hajaitwa hata semina moja. Nilimfundisha mwenyewe kupika gundi, kwenye jiko la chai la ofisi. Siku hizi yangu anaitazama, anacheka, anasema, "Hii ina madonge, mwanangu," anaimwaga na kupika nyingine.